Ulikokwenda Udongo wa Bwana Shamba

Mimi ni mtu wa mbao. Gogo nalizunguka mara moja, nalipiga teke, najua litatoa mbao ngapi na limeoza wapi. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa na mtu kwamba kuna kitu hakiko sawa kwenye uwanja wa tenisi wa klabu yetu pale Njombe. Nilijua kwa viroba.

Uwanja wenyewe ni mmoja tu, wa udongo, nje kidogo ya mji, chini ya mikalitusi mikubwa iliyopandwa na wazungu wa zamani waliokuwa na mashamba ya miti ya miwati. Aliyekuwa anautunza ni Alois Mgaya, bwana shamba mstaafu, na jina hilo la kazi ndilo lililomganda: Bwana Shamba. Hakuwa kibarua. Alikuwa mwanachama kama mimi, kadi anayo, ila klabu yetu ina utaratibu wake. Asiyetoa ada ya mwaka kwa fedha anaitoa kwa mikono. Mmoja atapaka chokaa kwenye mistari, mwingine atafyeka majani ya uzioni. Alois alichukua uwanja wote, miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwingilia. Hata pensheni yake ilipotengemaa na ada ikawa si tatizo tena, aliendelea. Ukigusa ufagio wake unaulizwa nani kakutuma.

Uwanja wa namna ile hautengenezwi kwa udongo wowote. Alijifunza kwa mapadre wa misheni alikokulia. Unatafuta kichuguu, unakata kichwa chake tu, kitako unakiacha na malkia wake ndani ili mchwa waendelee kujenga. Kisha unaponda, unachekecha, unamwaga kwa mkono kama unapanda ulezi, unanyunyizia maji, unaviringisha. Mate ya mchwa ndiyo saruji yake. Kwa baridi ya Njombe vichuguu ni vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tulivitoa Wanging'ombe, kwenye tambarare za Igwachanya, ambako Alois alifanya kazi miaka ishirini na bado anasalimiwa kila nyumba. Fuso langu likipeleka mbao Igwachanya lilirudi na viroba vya kichuguu. Ndiyo maana hesabu nilikuwa nayo mimi.

Kwa uwanja uliokwisha kukaa, viroba sita kwa mwaka vinatosha. Upepo unachukua kidogo, mvua kidogo, viatu kidogo. Miaka yote vilikuwa sita. Mwaka juzi vikawa kumi na kimoja. Mwaka jana, kufika Agosti tu, nilikuwa nimeshusha kumi na tisa.

"Bwana Shamba," nikamwambia, "huo udongo unaula?"

Akacheka bila kuinua uso. "Mligo, wewe unahesabu hata pumzi za watu."

"Nahesabu nilichobeba. Uwanja haujapanda hata unene wa kidole. Kumi na tisa vimekwenda wapi?"

"Umeshindiliwa."

Sikubishana. Lakini mimi nimewahi kuibiwa ghalani miezi minne mfululizo, na najua hali ya mzigo unaoingia kila siku na ghala lisijae. Maana yake ni kwamba kuna mlango ambao hujauona.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, wa miaka sitini na saba, na sweta la kijani alilofumiwa na mkewe Paskalina, viwiko vimetiwa viraka vya ngozi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa anafika kwa baiskeli kutoka kwake mtaa wa Ramadhani. Mlangoni pa uzio anavua viatu, anavipanga pamoja, anaingia peku. Hata Juni, hata barafu ikiwa imelala kwenye nyasi nyeupe kama chumvi. Alisema viatu ni viziwi. Alitembea uwanja mzima polepole, mstari kwa mstari, na nyayo zikamwambia wapi pamelegea na wapi panataka udongo. Tulimwona kichaa kidogo. Lakini mpira ukidunda kwake ulidunda sawasawa, na watu wa Makambako, ambao wao wanachezea saruji yenye nyufa, wakija walikuwa wanainama na kuupapasa uwanja kama mama anavyopapasa kitenge dukani.

Rola lake la kushindilia uwanja nilimletea mimi. Nitasema ukweli: sikujiunga na klabu kwa kupenda tenisi. Nilijiunga kwa sababu wanunuzi wakubwa wa mbao wanaicheza, na raketi mpaka leo naishika kama mwiko. Kiingilio nilikataa kutoa taslimu. Nikawaletea bomba nene la chuma nililolipata kwenye yadi ya vyuma chakavu Makambako, nikalijaza zege, nikalitia ekseli na fremu. Kilo mia tatu na zaidi. Rola lao la zamani lilikuwa halifiki mia. Alois alilishangilia kama ng'ombe wa maziwa. Akatafuta mkanda mpana wa mashine ya kusaga, akaufunga kwenye fremu kwa bolti pande zote mbili, akatia bakoli ya chuma ya kuufungia katikati, akawa anauvaa kifuani na kuvuta, kama sisi huku tunavyovuta magogo kutoka bondeni.

"Huo mkanda una bakoli ngumu," nilimwambia siku ya kwanza. "Gogo likikimbia, mtu anaondoka nalo. Nimeona Lupembe."

"Gogo liko mlimani, Mligo. Huu ni uwanja. Rola litakimbilia wapi?"

Swali zuri. Nilicheka naye.

Dalili ya kwanza niliiona Julai ya mwaka jana. Nilipita asubuhi kumtafuta mteja. Usiku ule barafu ilikuwa imeanguka nzito, uwanja wote umekuwa mweupe. Jua likatoka, weupe ukaanza kuyeyuka kutoka pembeni, udongo mwekundu ukarudi. Ila nyuma ya mstari wa upande wa mikalitusi pakabaki duara. Duara kamili, upana wake kama meza ya watu wanane. Saa tatu lipo. Saa nne lipo, jeupe, katikati ya uwanja mwekundu, na jua linaliwakia.

"Pale vipi?" nikamuuliza Alois.

"Kivuli cha miti."

Kivuli kilikuwa upande wa pili. Yeye alikuwa bwana shamba maisha yake yote, na alijua kivuli kinaanguka wapi saa nne asubuhi.

Ya pili ilikuwa sauti. Mpira ukidunda uwanjani unatoa sauti kavu, *pa*. Ukidunda pale kwenye duara ulitoa sauti yenye tumbo. Wachezaji walikuwa wanaipenda. Walisema pale mpira "unaimba". Ya tatu ilikuja na mvua za kwanza. Uwanja ukiloa unasubiri nusu siku kukauka. Duara lilikauka kwa robo saa. Wanachama wakamsifu Alois kwamba ametengeneza mahali pasipotuamisha maji. Naye akapokea sifa. Mimi nikajiuliza yale maji, kama hayapandi juu na hayatiririki pembeni, yanashuka kwenda wapi.

Sasa, ili mtu asinione mwema kuliko nilivyo, niseme na hili. Ile ardhi nilikuwa naitaka.

Barua ya halmashauri ilikuwa imekuja mwezi wa tisa. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Asteria, aliyekuwa mkuu wa shule hadi alipostaafu na bado anasoma kila kitu kama anatangaza matokeo, alitusomea akiwa amesimama. Viwanja vya michezo visivyotumika vitapangiwa matumizi mengine. Klabu yetu ilikuwa imeshindwa kuandaa Kombe la Uhuru, mechi yetu na Makambako, mwaka uliotangulia. Tukishindwa tena tarehe tisa Desemba, kiwanja kinarudi kwao.

"Na waombaji wapo," akaongeza, akishusha miwani na kunitazama. "Mmoja wao yumo humu ndani anakunywa chai yetu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ombi langu la yadi ya mbao lilikuwa kwenye faili tangu mwaka juzi, na sikuwa nimelificha. Kipo kando ya barabara, kina maji, kina nafasi ya lori kugeuza. Ningefanya nini, nilie?

Alois hakucheka. Aliweka kikombe chini, akasema, "Mechi itachezwa hapa," akaenda kuchukua ufagio.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Akikubali kwamba uwanja wake una tundu chini, utachimbwa, Desemba itapita, na kiwanja kimekwenda. Asipokubali, kila asubuhi anapita juu ya lile duara akiwa amefungwa kifuani na kilo mia tatu za zege. Na mtu pekee aliyelijua hilo na kulisema ni yule anayetaka kiwanja.

Mwishoni mwa Novemba nilikwenda na mtaimbo. Ilikuwa mchana, Alois ameenda kula. Nikauweka katikati ya duara nikausukuma kwa mikono miwili. Udongo wa juu, mgumu, kiasi cha shibiri mbili. Halafu kitu laini, nyuzinyuzi. Mtu wa mbao haulizi: mbao iliyooza. Halafu hakuna kitu. Mtaimbo ulitaka kunitoka mikononi. Nilipouvuta, kwenye lile tundu dogo ikatoka pumzi ya baridi ikanipuliza kidevuni.

"Unafanya nini?"

Alikuwa amesimama mlangoni pa uzio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Njoo uweke mkono hapa," nikasema.

"Umetoboa uwanja wangu."

"Bwana Shamba, hapa chini hapana kitu. Kuna mbao zimefunika shimo na zimeshaoza. Sijui ni kisima, sijui ni choo cha zamani. Weka mkono."

Alikuja, lakini hakuweka mkono. Alipiga magoti, akachukua udongo kwenye kopo lake, akajaza tundu, akashindilia kwa kidole gumba mpaka likapotea. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinichoma.

"Nimekuona ukinunua viazi, Mligo. Nimekuona ukinunua msitu wa watu. Unaanza kwa kutoboa. Hiki kimeoza, hiki kina fukusi, hiki kitakufia mkononi. Mwenye mali akishaogopa, ndipo unataja bei."

Ndivyo ninavyonunua.

"Safari hii sinunui," nikasema.

"Mtu mwenye ombi kwenye faili?" Akavaa mkanda. "Toka uwanjani na viatu vyako."

Nikaenda kwa Mwalimu Asteria. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana Mligo, Alois ameniambia ulikuja na mtaimbo. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungemwamini nani?" Kwa haki, ningemwamini Alois.

Siku ya tarehe saba Desemba nilisimamisha gari Ramadhani kununua mkate, nikasikia naitwa. Alikuwa Paskalina, mke wa Alois, amebeba kikapu, khanga ameivuta mpaka kidevuni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mama."

Alinisogelea karibu. "Kweli pana shimo?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye." Akatazama barabarani kama mumewe angeweza kutokea. "Anajua, baba. Anajua kuliko wewe. Anasema asubuhi akikanyaga pale miguu inasikia baridi ya kaburi. Tangu wiki iliyopita anatoka saa kumi na moja kwenda kujaza kabla hamjafika. Jana amejaza viroba viwili. Viwili, asubuhi moja. Nimemwambia basi liviringishe rola bila mkanda, lisukume kwa nyuma. Anasema likisukumwa linaacha alama za miguu."

"Mimi hanisikilizi."

"Atakusikiliza vipi wewe? Una faida." Alisema hivyo kama anavyotaja bei ya nyanya. "Ukisema uwanja ni mzima, una faida. Ukisema ni mbovu, una faida. Ondoa faida yako, ndipo useme."

Niliendesha mpaka kwangu Makambako na maneno hayo. Nimefanya biashara miaka ishirini na sita, nimedanganywa na mabingwa, na sijawahi kuambiwa jambo lenye hesabu safi kama lile. Kesho yake, mchana kutwa, nilizunguka yadini kwangu pale karibu na reli, treni ya mizigo inapita kwenda Zambia, mimi napima. Kile kiwanja kingenitoa kwenye kupanga. Sitapata kingine kama kile kando ya lami. Kwa upande wa pili alikuwepo mzee mmoja, si ndugu yangu, aliyenifukuza uwanjani. Nilipima vizuri. Saa kumi jioni nikaenda kwa mwanasheria, nikaandika kwamba mimi, Yusto Mligo, nafuta ombi langu la kiwanja kile na sitaliomba tena, mimi wala mtu kwa niaba yangu. Akapiga muhuri. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia aandike na hilo kama analo shaka.

Usiku huo ilinyesha.

Tarehe tisa niliondoka Makambako alfajiri. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, taa zinarudi machoni. Mechi ilikuwa saa nne, na uwanja ulioloa unaviringishwa ukiwa nusu kavu, yaani saa moja na nusu hivi. Nilifika saa mbili kasoro. Kwa sababu ya matope niliacha pikapu nje, kando ya barabara, nikateremka kwa miguu. Kabla sijamwona nilimsikia: ekseli ilikuwa inalia kila mzunguko. Mimi ndiye niliyeitia, na sikuwahi kuitia grisi.

Alikuwa anavuta. Peku, suruali imekunjwa magotini, mkanda kifuani, mwili umelala mbele kama ng'ombe wa jembe. Alikuwa amebakiza ukanda wa mwisho, ule wa upande wa mikalitusi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapita duara. Rola lilikuwa nyuma yake, hatua nne, linaingia.

"Bwana Shamba! Simama!"

Hakunitazama hata.

"Kamwene, mzee! Simama kwanza!"

Salamu hajawahi kuiacha bila kuijibu. "Kamwene," akasema, na akaendelea kuvuta.

Nikapunga ile karatasi juu ya uzio. "Barua ya kiwanja! Nimefuta ombi!"

Hapo akasimama. Ekseli ikanyamaza. Rola lilikuwa katikati ya duara kabisa.

"Lete," akasema.

"Njoo uichukue."

"Mligo, usinichezee, mechi ni saa nne. Vua viatu, lete."

"Sivui. Kuna baridi. Unaitaka, njoo."

Ndiyo biashara niliyoipigania kuliko zote, na nilikuwa sina kingine cha kuongeza mezani. Tulitazamana. Nilijua akiinama kuvuta tena, sina neno jingine. Aliguna, akaingiza vidole kwenye bakoli. Ilikuwa imekaza kwa unyevu. Akaivuta, akaipiga ngumi, ikafunguka. Akaubwaga mkanda chini, akaja huku anajifuta mikono kwenye sweta.

Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu.

Aliipokea barua kupitia kwenye waya, akaisoma ameishika mbali na macho, mara mbili, kama anatafuta kosa. Akagusa muhuri kwa kidole.

"Unataka nini kwa hii?"

"Usivae mkanda ule leo."

"Na nini tena?"

"Hicho tu."

Akainua macho. "Hujawahi kuuza kwa bei hiyo."

"Sijawahi."

Nyuma yake pakasikika sauti kama gunia la viazi linaloshushwa na mtu asiye na haraka. Rola halikuruka wala kupinduka. Lilizama limesimama vilevile, fremu ikafuata, na uwanja mwekundu ukakunjika kuingia ndani kutoka pande zote, kwa utaratibu. Mkanda ukabaki umelala juu kitambo. Halafu ukanyooka, ukaburuzwa, bakoli ikagonga ukingo mara moja, ukaingia. Chini kabisa maji yakapokea.

Alois alikuwa bado ameshika karatasi. Aligeuka, akatazama. Mkono wake mwingine ukapanda mpaka kifuani, mahali mkanda unapokaa, ukabaki hapo.

Kisha harufu ikatufikia. Nilitegemea ya choo, au ya tope la kisima. Ilikuwa nyeusi, kali, ya lami na moshi, na mimi naijua kama harufu ya shati langu. Ilikuwa dawa ya zamani ya nguzo za simu na umeme.

Nguzo za zamani zilikuwa zinasimamishwa ndani ya shimo la dawa ili kitako kisioze ardhini. Kumbe wazungu wa miwati walichakatia nguzo pale, wakaondoka, wakafunika kwa mbao na udongo, na waliokuja baada yao wakaona sehemu tambarare wakachora mistari. Lakini hicho sicho kilichonitoa jasho. Nguzo zinachovywa mara mbili. Kwanza kwenye dawa ya moto, mti utanuke. Halafu haraka kwenye ya baridi, mti uvute. Haraka, maana yake mashimo yako karibu. Hakuna mtu wa nguzo aliyewahi kuchimba moja.

"Alois," nikasema. Sijawahi kumwita kwa jina. "Yapo mawili."

"Mawili nini?"

Nikatazama kando ya uwanja, pale chini ya mikalitusi, kwenye ule uwazi mzuri wenye kivuli ambapo miaka yote tunaegesha magari. Udongo wote ulikuwa umeloa, mweusi kwa mvua. Katikati pamekauka. Duara.

Juu barabarani honi ikalia. Kosta ya Makambako ilikuwa inaingia langoni, raketi zinapungwa madirishani, watu wanaimba.

Mimi nilipiga kelele. Alois hakupiga, alikimbia. Hakupita uwanjani, alizunguka kwa nje ya uzio, peku kwenye matope, mzee wa miaka sitini na saba, akajiweka mbele ya kosta katikati ya mteremko, mikono imepanuliwa, karatasi yangu bado mkononi. Dereva alikanyaga breki, kosta ikateleza, ikasimama bampa ikiwa magotini pake.

Hosea, nahodha wao, mwenye nyumba ya wageni pale njia panda, akatoa kichwa dirishani. "Bwana Shamba! Mnaogopa kufungwa mpaka mnataka kugongwa?"

"Rudisheni gari," akasema Alois.

"Tuegeshe kwanza, mzee wangu, tuteremke na mama zetu humu."

"Hosea. Nasema rudisheni gari nyuma, polepole. Hakuna anayeteremka mpaka mmefika kwenye lami."

Sijui Hosea aliona nini usoni pake. Aliingiza kichwa ndani. Nyimbo zikakatika, na kosta ikarudi nyuma ikitambaa.

Mchana ule, mbele ya wote, niliingiza mtaimbo kwenye duara la maegesho, nikiwa nimefungwa kamba kiunoni na Hosea na wenzake wameishika. Udongo, shibiri moja na nusu. Mbao laini. Halafu hakuna kitu. Mwalimu Asteria, ambaye gari lake limelala pale kila Jumamosi miaka tisa, aliomba kiti.

Kombe halikuchezwa. Kiwanja kilirudi. Watu wa ardhi walikuja, wakapima, wakazungushia seng'enge, wakaandika kwamba hakifai kujengwa chochote. Kwa hiyo nilichokiachia kwa muhuri kilikuwa hakina thamani hata ya kiroba kimoja. Wakati natoa sikujua, na aliyepokea hakujua. Wapo wanaoniambia nilipata hasara na wapo wanaosema nilipata bahati. Mimi naona ilikuwa biashara halali.

Julai hii nilipita pale asubuhi, nikasimamisha pikapu kando ya barabara. Alois alikuwepo, baiskeli ameiegemeza kwenye seng'enge, sweta lilelile. Paskalina aliniambia huwa anakwenda. Hakuna kazi, anakwenda tu. Barafu ilikuwa imeanguka nzito. Tulisimama tukitazama jua likiyeyusha. Kule uwanjani palikuwa na shimo jeusi. Kwenye maegesho duara lilibaki jeupe, saa tatu, saa nne.

Baadaye akainama, akavua viatu, akavipanga pamoja, akapiga hatua tatu kwenye nyasi za kando ya barabara, pale nilipokuwa nimesimamisha pikapu. Akakanyaga. Akakanyaga tena, akaacha mguu hapo kitambo, kichwa kimeinama upande.

"Mligo," akasema, "sogeza gari."

Sikumuuliza kwa nini. Nilisogeza.